Ncha Nene Chini

Mliponiaga kitaluni mlinipa kiti cha kukunja, doti ya khanga kwa ajili ya mke ambaye sina, na ombi: niandike niliyoyaona kazini, yasije yakapotea. Kiti nakikalia. Khanga nimempa jirani. Ombi limebaki, na leo nimelishika.

Habari za vyeo sitaandika. Nilivyopewa havikuuondoa udongo chini ya kucha zangu.

Niliacha shule darasa la nne. Walimu hawakuwa wabaya. Tatizo ni reli iliyopita nyuma ya darasa. Kwetu ni kijiji cha njiani, karibu na Tabora, na kila treni ilipopiga honi nilitaka kujua inaishia wapi. Siku moja nikapanda. Inaishia Kigoma. Mbele yake kuna ziwa tu. Ndivyo nilivyogeuka mtu wa Kigoma: reli iliisha kabla ya hamu yangu.

Miaka ya mwanzo nilitangatanga. Stesheni nilibeba mizigo. Kibirizi nilianika dagaa mchangani na kufukuza kunguru. Mwandiga nilikamua mawese kwa mzee mmoja aliyenitukana kwa Kiha kutwa nzima, na Kiha changu nilikipata kwa njia hiyo. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, nyayo zinaanza kuwasha.

Kitaluni nilifika kuomba maji. Nilikuwa natoka Ujiji kwa miguu, nikaona bondeni vichanja vya majani na mzee aliyeinama juu ya miche, kofia yake ya kiua imeshika rangi ya udongo.

"Shikamoo, mzee. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba. Maji yapo mtoni," akasema bila kuinuka. "Na hawa wameyaomba kabla yako. Chukua keni."

Nilimwagilia miche mpaka jua likapinda. Ndipo akanipa maji ya mtungini na muhogo wa kuchemsha, akaniuliza kama kesho nitakuja. Nikamwambia kesho huenda nikapanda meli, niione kusini ya ziwa.

"Sawa. Ukiikosa meli, njoo."

Niliikosa. Huyo ndiye Mzee Mrisho, mzaliwa wa Ujiji, msimamizi wetu. Tangu siku hiyo aliniita Msafiri, na kila asubuhi, badala ya kunijulia hali, aliuliza, "Msafiri, meli yako bado?"

Ninyi mmevikuta viriba vya nailoni. Sisi tulishona vikopo vya maganda makavu ya migomba, na chekeche letu lilikuwa bati lililotobolewa kwa msumari. Kazi kubwa ilikuwa michikichi. Mnajua mbegu ya chikichi ilivyo ngumu. Unaweza kuizika ardhini ikakaa humo kama kokoto mpaka ukaisahau. Mzee Mrisho alizifunga kwenye gunia bichi, akalifukia katikati ya samadi inayofuka, na kila siku alichomeka mkono ndani kupima joto, kama mama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo aliniwekea mbegu moja kiganjani. "Nzima au imekufa?"

Sikujua.

"Shuleni hamkufundishwa alama za kiumbe hai?"

"Niliondoka kabla hawajafika hapo."

Basi akanifundisha yeye, huku tunashona vikopo. Kiumbe hai hula. Hupumua. Hukua. Husogea, hata kama ni jani kulifuata jua. Huhisi. Hutoa uchafu wake. Huzaa kinachofanana nacho. Alitaka nizitamke zote bila kukosea kabla ya kupewa muhogo, na nilizitamka. Lakini mimi ni mtu wa maswali.

"Moto je, mzee? Moto unakula kuni. Unataka hewa. Unakua, unasogea, unatoa moshi na majivu, na cheche zake zinazaa moto mwingine."

Alisimamisha sindano. "Ukate," akasema.

"Niukate?"

"Uchanje kwa panga, kisha uniletee kovu lake. Moto haugangi jeraha. Mche ukiukwaruza leo, wiki ijayo umejifunga. Chenye uhai kinajirekebisha."

"Na hii mbegu? Haili, haikui, haisogei. Alama zote imeshindwa."

"Haijashindwa. Inangoja. Ngoja nayo."

Nadhani ndilo lililonishika pale. Nilikuwa sijapata kuona kitu kinachojua kungoja.

Mvua za kwanza zilipokaribia, wakaanza kufika watu wa Burundi. Walishuka kwenye mitumbwi pwani yote ya kaskazini, wengine wakatembea na ufuko mpaka mjini, godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria imeninginia. Wengi walielekezwa kwenye makazi ya bara. Wachache walijishikiza vijijini na kufanya vibarua mashambani. Kitalu kikaongezewa mikono, na mmoja wao alikuwa Mama Daforoza.

Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, msema taratibu. Mzigo wake ulikuwa kitenge kimoja na fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa ndefu kumpita kifua, na ganda lake bado lilikuwa bichi. Ncha zote mbili zilipakwa kinyesi cha ng'ombe na kufungwa maganda ya mgomba. Alipotoka mtoni aliilowesha. Alipokaa kula aliilaza kivulini kwanza, ndipo naye akakaa.

"Fimbo yako inatunzwa kuliko mimi, Mama," nikamtania.

"Wewe una mizizi?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi huna shida ya kivuli."

Mzee Mrisho alicheka mpaka akavua kofia.

Habari za fimbo alitusimulia kwa vipande, Kirundi na Kiswahili vimechanganyika, nami nazipanga kwa namna nilivyozielewa. Kwao, mtu akijenga urugo, yaani boma lake, huchomeka mti wa mvumu langoni. Nyumba huanguka, ua huoza, lakini mvumu hubaki, na atakayepita ataujua mlango wa fulani ulikuwa wapi. Siku walipokimbia, mume wake alikata tawi la mvumu wa lango lao, akampa aegemee milimani. Akamwambia, tangulia na wenzako, mimi nawaswaga ng'ombe kwa njia ya chini, tutakutana ziwani. Ziwani hakumkuta. Akaambiwa labda amevukia kwingine.

"Nitaupanda hapa," alimwambia Mzee Mrisho. "Akipita barabara ya Ujiji atauona. Atajua lango lake."

"Mivumu ipo mingi, binti yangu. Atajuaje ni huu?"

"Mtu anashindwa kuujua mti wake?"

Mzee akamruhusu kuchagua mahali. Aliupanda mwenyewe alfajiri moja, kabla hatujafika, pembeni ya njia. Tulipokuja tuliukuta umesimama, udongo umeshindiliwa vizuri, ncha ya juu bado ina bandeji yake ya mgomba. Alituomba tusiuguse. Tukauzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, basi.

Kisha ukaanza ule wakati mgumu. Habari zilikuja kwamba waliojishikiza vijijini watakusanywa, na mvua ikipungua lori litawapeleka bara, mbali na ziwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kitaluni mwenyewe kumwambia Mama Daforoza kwamba akitaka kubaki kama mtu wa pale, atamsemea. Akitaka kuungana na wenzake, pia ni haki yake. Aamue kabla lori halijafika.

"Mti utaamua," akasema.

"Mti gani?" mwenyekiti akauliza.

Akamwonyesha kijiti kile ndani ya miiba. "Ukishika, mwenyewe anakuja na mimi nabaki. Ukifa, nitajua simngoji mtu. Nitapanda lori."

Mwenyekiti alimtazama Mzee Mrisho kama anayeomba msaada. Mzee alitazama mto.

Kuanzia hapo kila mmoja wetu alikuwa na njia yake ya kupita pale. Mama Daforoza alipita kumwagilia. Mimi nilipita kutazama, maana sikuzoea kuona maisha ya mtu mzima yamefungwa kwenye kijiti. Nilikipima kwa zile alama. Hakikui. Hakisogei. Jani hamna. Siku moja, yeye akiwa mtoni, Mzee Mrisho alinivuta miibani, akakwaruza ganda kwa ukucha, kidogo tu, mahali pasipoonekana. Chini yake palikuwa na kijani.

"Kinaishi," nikanong'ona.

"Kinaishi," akasema, lakini sura yake haikufurahi. "Kinaishi, na mvua zote hizi hakijatoa hata chipukizi. Kuna kitu kinakizuia. Sijui nini."

Katika miaka yote ile sikumsikia tena akisema hajui.

Nilijaribu kumwandaa Mama Daforoza. Tulikuwa tunapepeta udongo kwenye chekeche.

"Mama, mti ni mti. Ukifa haina maana kwamba mtu amekufa."

"Kwenu mlangoni kuna mti gani?" akaniuliza.

Sikutegemea swali hilo. Nikasema upo mkunazi, mama yangu huegemea pale akipepeta mtama.

"Ukiambiwa umekatwa, utauliza nini kwanza? Habari ya kuni?"

Nikaendelea kupepeta. Nilikuwa sijamfikiria mama yangu namna ile, amesimama mahali fulani, tangu siku niliyopanda treni.

Lori lilitangazwa. Alifunga kitenge chake, akakiweka chini ya kichanja, akaendelea na kazi. Mvua ya mwisho ilinyesha kubwa, na asubuhi yake nilipopita miibani nikaona ile bandeji ya mgomba juu ya kijiti imeoza na kuachia. Nilidhani nitakuta kuni. Nikaona vijinundu vyeupe vimezunguka ncha yote, na viwili vitatu vimerefuka kama vidole vya mtoto mchanga, vinaelekea chini.

Niliita. Mzee Mrisho alikuja na koleo lake, akatazama, akavua kofia.

"Mizizi," akasema. "Mizizi iko juu, inatafuta udongo hewani." Akamgeukia Mama Daforoza. "Binti yangu, ulipokuwa unaegemea fimbo hii njiani, ulishika ncha gani?"

"Nene. Fimbo unashika nene."

"Na chini?"

"Nyembamba."

"Na ulipoipanda?"

"Nilivyotembea nayo, ndivyo nilivyoisimamisha."

Kila mtu hushika fimbo hivyo. Jaribu wewe mwenyewe, mkono unaipenda ncha nene. Lakini ncha nene ndiyo iliyokuwa upande wa shina. Njia nzima kutoka kwao ule mti ulitembea kichwa chini, na yeye akaupanda kichwa chini, na yale maganda ya mgomba yakaficha unene wa ncha. Mti ulifanya kazi yake yote sawasawa. Mizizi iliyotokea juu ilishikwa na unyevu wa bandeji, ikangoja udongo uje.

"Unageuzwa," Mzee akasema. "Sasa hivi, kabla jua halijapanda."

Mama Daforoza alishika kijiti kwa mikono miwili. "Ukiung'oa utakufa."

"Huenda. Ukiuacha utakufa kwa hakika."

"Yeye ndiye aliyenishikisha hivi. Aliniwekea mkononi hivi."

"Alikupa utembelee," Mzee akasema, kwa sauti ambayo sisi vibarua hakuwahi kututolea. "Kutembea na kupanda ni kazi mbili."

Alisimama pale, na sisi tukasimama naye. Barabarani wenzake walikuwa wanapita na mizigo kuelekea lilipo lori, na mmoja alimwita kwa Kirundi. Mama Daforoza akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole, hakutaka koleo. Mzee alichimba shimo jingine kando. Mama Daforoza aliung'oa mti mwenyewe, akaugeuza mwenyewe, akaishusha ile mizizi taratibu kama anayelaza mtoto asiamke, na mimi nikapewa heshima ya kumwaga maji. Lori lilipiga honi, likapiga tena, likaondoka.

Jani la kwanza lilikuwa dogo kama sikio la panya. Alinionyesha yeye.

Baadaye nilimuuliza Mzee Mrisho kwa nini mti haukujigeuza. Mbegu ya maharage ukiizika kichwa chini mzizi wake unapinda wenyewe kwenda chini, nilikwisha jaribu.

"Mbegu haijawahi kuwa popote," akasema. "Ni mgeni kila upande. Kijiti kimetoka kwenye mti. Kinakumbuka upande gani palikuwa na shina."

"Basi hiyo ni alama ya nane."

"Waandikie wenye vitabu," akasema. "Na muhogo wako umepoa."

Mume wake hakuja. Lazima niliseme wazi, maana najua mnalingoja. Ulipita mwaka wa kwanza, ikaja mingine, mvumu ukapita kichwa cha mtu, ukapita paa la kichanja, na Mama Daforoza alijenga kibanda nyuma yake, mlango ukitazama barabara. Kila alipopita mtu mwenye ng'ombe aliinua kichwa. Nilijifunza kutokusema naye wakati huo. Mimi nami nilikuwa nimepanga kuondoka baada ya mti kushika, kisha baada ya kivuli chake kumtosha mtu mmoja, kisha nikaacha kupanga.

Mzee Mrisho alipougua nilimfuata kwake Ujiji. Alikuwa amelala ubavu, kofia pembeni. Aliniuliza, "Msafiri, meli yako bado?" Nikasema bado. Akasema, "Basi yangu imetangulia." Siku ile nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke.

Ile miaka ya makambi mnaikumbuka wenyewe, ninyi wakubwa. Wakimbizi walipokuja tena, safari hii wengi kuliko mara ya kwanza, milima ya huko Kasulu ilibaki na visiki, kwa sababu kila mtu lazima apike. Tuliotesha miche ya kuni usiku na mchana, malori yakaibeba. Mama Daforoza, wakati huo tunamwita Bibi, ndiye aliyewapokea vibarua wapya. Kila aliyekuja na kijiti kutoka kwao, na walikuwa wengi kuliko mnavyofikiri, alimwuliza kwanza, "Ulikishika wapi?" Kisha akampa shimo.

Amani iliposemwa kwao, na meli zikaanza kurudisha watu, sikudhani yeye angeondoka. Alikuwa na mti, kibanda, na kaburi la Mzee Mrisho la kupalilia. Asubuhi moja nikamkuta amesimama chini ya mvumu na panga.

"Nikatie tawi," akasema. "Mimi mkono haufiki tena."

"La nini, Bibi?"

"Huenda alipita njia nyingine, akarudi nyumbani. Atafika akute lango halina mti."

"Imepita miaka mingi."

"Mbegu ya chikichi ulinisimulia wewe," akasema.

Nilimkatia. Tulipaka kinyesi ncha zote mbili, tukafunga maganda ya mgomba, na kwenye ncha nene nikachora alama kwa kisu.

Nilimsindikiza bandarini. Foleni ilikuwa ndefu, watu na magodoro na baiskeli. Yeye alikuwa na kitenge na fimbo, na fimbo ameishika kwa ncha nyembamba, ile nene inagonga chini. Ilimtesa. Kila hatua ilimteleza mkononi. Kijana mmoja wa mizigo akamwambia, "Bibi, umeishika fimbo kichwa chini."

"Najua, mjukuu wangu," akasema. "Ndivyo inavyosimama."

Vijana wakacheka, na yeye akacheka nao kidogo, akapanda. Juu alijiegemeza kwenye chuma akanitazama. Hakupunga mkono, maana mmoja ulishika kitenge na mwingine fimbo. Meli ikageuka kuelekea kaskazini. Habari yake sijaipata tena. Nimewauliza wengi waliotoka huko, na nitaendelea kuuliza.

Ninyi mlionifuata, mvumu ule msiuguse, hata wakija wenye mipango ya kupanua barabara. Wakiuliza ni wa nani, semeni ni lango la mtu.

Mwenyewe kesho kutwa napanda treni. Mama yangu alikwisha kufa, niliambiwa nimechelewa, na mkunazi nasikia haupo. Sijui kama nitaitambua sehemu ulipokuwa mlango. Fimbo niliyoikata kwenye mvumu ule ipo hapa ukutani, nimeilowesha, imefungwa ncha zote mbili. Nimejizoeza kutembea nayo mpaka Mwandiga na kurudi, nimeishika kwa nyembamba, na watoto wa njiani wameshanichoka kwa kunisahihisha.